Tathmini: Kuuza Nyimbo Bandcamp Ukiwa Mtwara

Kwa mwanamuziki wa Mtwara asiye na kampuni kubwa ya kumsimamia, Bandcamp ni miongoni mwa huduma chache za kuuza muziki mtandaoni ambazo mgawanyo wake wa mapato unaeleweka hata kwa asiye mhasibu. Hata hivyo, ni duka la wateja walio mbali, na msanii anayelifungua akitarajia wanunuzi wa Chuno au Masasi atasubiri sana.

Huduma hii ilianzishwa Marekani mwaka 2008. Msanii hupandisha kazi yake na kuipangia bei ya chini, kisha shabiki hulipa bei hiyo au huongeza apendavyo, na wapo wanaoongeza. Kampuni hukata asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo, kiwango kinachoshuka hadi asilimia 10 mauzo yakifika dola 5,000. Kwa fulana, kaseti na santuri, makato ni asilimia 10 tangu mwanzo. Albamu ya dola 7, kwa hiyo, humwachia msanii dola 5.95 kabla ya ada ya kupitisha malipo, ilhali kwenye huduma za kusikiliza kwa kulipia kila mwezi, fedha kama hizo kwa kawaida huhitaji nyimbo zake zichezwe zaidi ya mara elfu moja.

Ugumu wa kwanza huanzia studio. Bandcamp haipokei MP3. Inataka faili kamili la WAV, AIFF au FLAC, aina zisizopunguza ubora wa sauti, wakati wasanii wengi wa huku hukabidhiwa wimbo kwa WhatsApp, tena ukiwa umeshabanwa. Mdai prodyuza WAV siku ileile ya kurekodi, kabla kompyuta haijafutwa ili kupisha kazi za wengine. Dakika moja ya WAV yenye ubora wa CD huchukua takriban MB 10, hivyo albamu ya nyimbo kumi za dakika nne nne ni takriban MB 400, na bando dogo la siku halitatosha.

Ugumu mkubwa zaidi ni fedha. Mnunuzi hulipa kwa kadi au PayPal (huduma ya kutumiana fedha mtandaoni), shilingi haimo katika sarafu za kupangia bei, na msanii hulipwa kupitia PayPal, ambayo kwa miaka mingi iliwaruhusu wenye akaunti za Tanzania kutuma na kununua bila kuwaruhusu kupokea. Ndiyo maana wengine hutumia akaunti ya ndugu aliye ng'ambo, mpango unaofaa maadamu undugu ungali imara. Msimu wa korosho, minada inapoanza na fedha kuwafikia wakulima wa Newala na Tandahimba, wateja wa nyumbani wanao uwezo wa kununua, lakini fedha yao imo kwenye simu, na duka hili haliipokei. Hao waendelee kuuziwa kama kawaida: mteja anatuma fedha kwa M-Pesa, anarushiwa wimbo, au anajaziwa kwenye flashi.

Kwamba wateja wa mbali wapo, singeli imekwisha kuthibitisha. Mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotolewa mwaka 2017 na lebo ndogo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes, uliuzwa humo humo Bandcamp na kuufikisha mdundo wa uswahilini Dar es Salaam kwa wasikilizaji wa Ulaya. Sioni sababu ya ngoma za Wamakonde kukosa wasikilizaji wa namna hiyo, ilimradi maelezo ya albamu yaandikwe vizuri na picha ya jalada isiwe ya kuokoteza.

Ukiwa na albamu tayari, itoe katika Ijumaa ya Bandcamp, utaratibu ulioanza Machi 20, 2020 wakati wa korona, ambapo kampuni huacha fungu lake kwa saa 24. Si kila mwezi huwa nayo, na kwa kuwa saa huhesabiwa kwa majira ya pwani ya magharibi ya Marekani, kwetu huanza saa nne au saa tano asubuhi kutegemea msimu.

Kampuni yenyewe imebadili wamiliki mara mbili, kwenda Epic Games mwaka 2022 na Songtradr mwaka 2023, na baada ya mauzo ya pili karibu nusu ya wafanyakazi walipoteza kazi. Nakala zako usiziache huko peke yake.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Vikundi vya ngoma vyenye watu wengi vikubaliane kwa maandishi, kabla ya kufungua ukurasa, nani atashika akaunti na kila mmoja atapata kiasi gani, kwa sababu malipo yote huingia kwa mtu mmoja.