Kitini cha Vita Baridi kinachouzwa Mwanjelwa: Berlin imeandikwa vizuri, Cuba irekebishwe, Afrika iandikwe upya

Kitini hiki kinapatikana kwenye steshenari za Mwanjelwa na Kabwe, Mbeya, na nakala zake zimeshafika Makambako na Iringa mjini. Hakina jina la mwandishi. Ni kurasa 84 za A4 zilizobanwa kwa spirali, bei shilingi 6,000. Kimelenga Kidato cha Sita, na kinapita mada yote ya ushindani wa Marekani na Umoja wa Kisovieti tangu 1945 hadi 1991. Jibu fupi kwa mwanafunzi anayeuliza kama anunue: anunue, mradi awe na kalamu nyekundu mkononi. Kuna sura moja iliyoandikwa na mtu anayeijua kazi, na kuna kurasa zinazoweza kumpotezea mtu alama bure.

Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wa 22 wenye ramani ya Ujerumani. Wauzaji wengi wanatoa fotokopi ya fotokopi, na kanda nne ambamo washindi wa vita vya 1945 waliigawana nchi hiyo zimegeuka doa moja jeusi. Omba nakala iliyotolewa kwenye nakala mama. Ramani hiyo ina umuhimu kuliko kurasa kumi za maelezo, kwa sababu kosa kubwa la wanafunzi ni kudhani kwamba Berlin ilikuwa mpakani, nusu huku nusu kule. Haikuwa mpakani. Ilikuwa takriban kilomita 160 ndani ya kanda ya Kisovieti, mji mzima, na ndani yake ndimo kulimokuwa na sehemu za Wamarekani, Waingereza na Wafaransa. Asiyeiona Berlin kama kisiwa ndani ya eneo la Wasovieti hawezi kuelewa uzingirwaji wa 1948, wala Ukuta wa 1961.

Jambo jingine: kitini ni cha Kiswahili, mtihani ni wa Kiingereza. Hilo silihesabu kuwa kasoro. Mwanafunzi akielewa chanzo cha jambo kwa lugha anayoifikiria, insha yake inakuwa na uti wa mgongo. Ila aandike pembeni istilahi za Kiingereza mapema, siyo wiki ya mwisho, na ahakiki majina ya watu kwingine, maana Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti baada ya Stalin, peke yake ameandikwa kwa namna tatu tofauti.

Sasa sura ya Berlin, ambayo peke yake inatosha kuirudisha fedha yako. Madesa mengi huandika kwamba Stalin, kiongozi wa Kisovieti, alifunga barabara za kuingia Berlin kwa sababu ya uchoyo wa kikomunisti, yakaishia hapo. Hiki kinaanzia kwenye sarafu. Juni 1948 mataifa matatu ya Magharibi yalitoa Deutsche Mark katika kanda zao. Noti za zamani zilizopoteza thamani upande mmoja zingemiminika upande wa pili na kupandisha bei huko, kwa hiyo Wasovieti nao wakatoa sarafu yao. Sarafu mpya ya Magharibi ilipoingizwa Berlin Magharibi, Wasovieti wakafunga barabara, reli na njia za maji. Hiyo ilikuwa tarehe 24 Juni 1948.

Kwa nini hawakufunga na anga? Hapa kitini kimefanya kazi nzuri kweli. Tangu Novemba 1945 kulikuwa na makubaliano ya maandishi ya njia tatu za anga kuingia Berlin, kila moja ikiwa na upana wa kilomita 32 hivi. Barabara na reli hazikuwa na hati ya namna hiyo. Kufunga barabara kungeweza kuitwa matengenezo, lakini kuizuia ndege kulihitaji kuitungua, na kuitungua ndege isiyo na silaha katika njia iliyosainiwa kungekuwa kuanzisha vita. Hoja hiyo moja, ikiandikwa vizuri, inaipita orodha ya tarehe ishirini.

Kitini kinatoa pia takwimu za mizigo ambayo Magharibi ilianza kuipeleka Berlin Magharibi kwa ndege, lakini hakimwonyeshi mwanafunzi namna ya kuzitumia. Fanyeni hesabu hii darasani. Mahitaji ya chini kwa wakazi zaidi ya milioni mbili yalikadiriwa mwanzoni kuwa tani 4,500 kwa siku, sehemu kubwa ikiwa makaa ya mawe. Ndege aina ya C-47 ilibeba kama tani 3. Gawanya: kutua mara 1,500 kwa siku, yaani ndege moja kila dakika moja, mchana na usiku. Haiwezekani. C-54 ilibeba kama tani 10. Gawanya tena: kutua mara 450, ndege moja kila dakika tatu na kidogo. Hapo inawezekana, kwa shida. Ndiyo maana Wamarekani walizikusanya C-54 kutoka vituo vyao vya mbali, na ndiyo maana uwanja wa Tegel ulijengwa kwa miezi michache kuongezea Tempelhof na Gatow.

Lililoharibika mwanzoni nalo limo. Agosti 1948, siku ya mawingu mazito na mvua, ndege zilirundikana juu ya Berlin zikisubiri zamu, moja ikapata ajali na nyingine zikakosea uwanjani. Jenerali William Tunner, Mmarekani aliyesimamia safari hizo, akaweka kanuni: rubani akishindwa kutua mara ya kwanza, harudii, anarudi na mzigo wake alikotoka. Foleni ikafutika. Hadi operesheni inafungwa Septemba 1949, tani zipatazo milioni 2.3 zilikuwa zimeshuka katika safari zaidi ya 270,000.

Pengo la sura hii ni mwisho wake. Kitini kinasema Stalin "alikata tamaa". Ongeza kwa kalamu kwamba Magharibi nayo ilizuia bidhaa zake kwenda kanda ya Mashariki, yakiwamo makaa ya mawe na chuma, na maumivu yakawa ya pande zote mbili. Barabara zilifunguliwa 12 Mei 1949. Na ufute kabisa sentensi ya ukurasa wa 29 inayodai Ukuta ulijengwa "baada ya uzingirwaji kushindwa", kana kwamba ni mwaka uleule. Ukuta ulianza usiku wa kuamkia 13 Agosti 1961, miaka kumi na miwili baadaye, na ulikuwa na sababu yake: zaidi ya watu milioni mbili na nusu walikuwa wamehama Ujerumani Mashariki tangu 1949, na Berlin ndiyo iliyokuwa mlango uliobaki wazi. Uzingirwaji ulikusudia kuwatoa Wamagharibi; Ukuta ulikusudia kuwabakiza Wamashariki. Mwanafunzi akivichanganya hivi viwili, msahihishaji anajua mara moja kwamba amekariri.

Sura ya miungano ni fupi na ina makosa mawili ya kurekebisha. La kwanza, kinasema Umoja wa Kisovieti "ulitengwa" kwenye Mpango wa Marshall, yaani msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya baada ya vita. Ulialikwa. Molotov, waziri wao wa mambo ya nje, alikwenda Paris, akaondoka Julai 1947, na Moscow ikaizuia Chekoslovakia isishiriki ingawa ilikuwa imekubali kuhudhuria. Swali la maana ni kwa nini walikataa: kupokea kulimaanisha kuanika hesabu za uchumi wao na kufungua soko la Ulaya Mashariki kwa Marekani. La pili, kinaeleza Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi wa kambi ya Kisovieti, kuwa jibu la moja kwa moja kwa NATO, muungano wa kijeshi wa Magharibi. NATO ilianzishwa 4 Aprili 1949, Warsaw 14 Mei 1955. Nani anajibu baada ya miaka sita? Kilichouchokoza ni Ujerumani Magharibi kuingizwa NATO tarehe 9 Mei 1955, siku tano tu kabla, miaka kumi baada ya vita vilivyoua mamilioni ya raia wa Kisovieti.

Jedwali la silaha za nyuklia, ukurasa wa 41, lina kosa la kipimo. Limeandika bomu lililojaribiwa na Wasovieti Novaya Zemlya tarehe 30 Oktoba 1961 kuwa "kilotoni 50". Ni megatoni 50. Bomu la Hiroshima lilikuwa kama kilotoni 15, kwa hiyo tofauti ni zaidi ya mara 3,000. Kwa kipimo cha kitini, tofauti inakuwa mara tatu tu, na hoja yote ya kuogopana inaporomoka. Sehemu ya mikataba nayo inataja ule wa 1972 wa kupunguza makombora ya kujilinda bila kueleza kwa nini mtu akubali kupunguza ngao yake. Sababu ni hii: kila upande ulizuiwa kushambulia kwa kujua kwamba mwenzake atabaki na uwezo wa kujibu. Anayejenga ngao kamili anaonekana kujiandaa kupiga kwanza. Kwa hiyo walikubaliana kila mmoja abaki bila ngao kamili. Bila maelezo haya, mkataba huo unaonekana wa ajabu, na wanafunzi huuruka.

Cuba ndiyo sura ya kusoma kwa uangalifu zaidi, kwa sababu imeandikwa kwa kujiamini. Inaanza 22 Oktoba 1962, siku Kennedy, rais wa Marekani, alipohutubia. Anza wewe tarehe 14, ndege ya upelelezi ya Marekani, U-2, ilipopiga picha za makombora ya Kisovieti huko Cuba, na 16 alipoonyeshwa; zile siku 13 zinazotajwa kila mahali huhesabiwa kuanzia 16 hadi 28. Kitini kinatumia neno "kuzingira kwa manowari", lakini Kennedy mwenyewe alichagua neno karantini kwa makusudi, kwa kuwa kuzingira nchi ni tendo la vita kwa sheria za kimataifa. Halafu kinahitimisha kwamba Khrushchev alisalimu amri. Hapo ndipo alama zinapopotea. Barua ya Khrushchev ya 26 Oktoba ilitaka ahadi ya kutoivamia Cuba. Ile ya 27 iliongeza sharti la kuondolewa makombora ya Marekani ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki, 15 kwa idadi. Jioni ya siku hiyo, ambayo pia U-2 ilitunguliwa juu ya Cuba na rubani wake kufa, Robert Kennedy, ndugu wa rais, alikutana na balozi wa Kisovieti, Dobrynin, na kumhakikishia kwamba Jupiter zitaondolewa, kwa sharti kwamba jambo hilo lisitangazwe. Zikaondolewa kufikia Aprili 1963. Dunia ikaona ushindi wa upande mmoja, kumbe yalikuwa mabadilishano. Castro, kiongozi wa Cuba, hakushirikishwa, na alikasirika. Andika yote mawili, kilichoonekana na kilichofichwa, ndipo utaweza kujibu swali la "nani alishinda" bila kubahatisha.

Tumefika Afrika: ukurasa mmoja na nusu, Congo na Angola zikitajwa kwa haraka. Kwa kitini kinachouzwa Mbeya hili linaumiza, kwa sababu mwanafunzi wa hapa anaishi katikati ya ushahidi. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilipojitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, njia ya Zambia ya kusini ikawa mashakani, na mzigo ukageukia barabara ya vumbi ya kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Mataifa ya Magharibi na Benki ya Dunia yaliona reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, TAZARA ya leo, haina faida. China ikakubali, mkataba ukasainiwa Septemba 1967, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Marekani nayo ilisaidia kuijenga kwa lami barabara ileile. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi 1968. Njia tatu, wafadhili tofauti, mizigo ileile ya Zambia. Hoja ya kutofungamana na upande wowote inathibitishwa hapo kwa vitu vinavyoonekana.

Kitini pia kinaichukulia kambi ya kijamaa kama mwili mmoja. Siyo. China na Umoja wa Kisovieti walikuwa wamefarakana, hadi kupigana risasi kwenye mto Ussuri, mpakani mwao, Machi 1969. Mfarakano huo ulifika Iringa: kambi ya Mgagao, Kilolo, ilikuwa ya wapiganaji wa ZANU, chama cha ukombozi wa Zimbabwe, waliofunzwa na wakufunzi wa Kichina, ilhali ZAPU, chama kingine cha ukombozi huohuo, ilitegemea zaidi Moscow. Wazimbabwe walewale, adui yuleyule, wafadhili wawili wasioelewana.

Na kesi ya Wajerumani haimo kabisa, ingawa ndiyo mfano bora wa nchi ndogo kukataa kupangiwa. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Baada ya Muungano, Dar es Salaam ikaruhusu ubalozi mdogo tu wa nchi hiyo, bila kuitambua rasmi. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, haikuridhika, na mapema 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi. Nyerere akajibu kwa kuwaambia waondoe na misaada mingine ya serikali iliyobaki.

Chukua karatasi moja ya A4, andika upande mmoja reli, barabara na bomba pamoja na miaka yake, upande wa pili Mgagao na Ujerumani mbili, kisha ibandike juu ya ukurasa wa 71 wenye sehemu ya Afrika. Kilichoandikwa chini yake hutakihitaji.