TAHADHARI: fundi kompyuta anapandikiza virusi visivyoondoka halafu anakuuzia dawa yake

Jamani wenye steshenari, wenye ofisi ndogo, wanafunzi wenye laptopu zenu, someni hii na mtumie wengine. Naandika nikiwa na hasira mpaka mikono inatetemeka. Kuna fundi wa kompyuta pale Kariakoo, jina lake na la ofisi sitaweka hapa kwa sababu suala liko polisi na nimeambiwa nisiharibu, ila kwa nitakavyoeleza waliopita mkononi mwake watajijua. Huyu mtu ni mwizi. Ni mwizi aliyevaa shati safi.

Mimi nina steshenari, na ile kompyuta kubwa ya dukani ndo uhai wangu. Sasa wanafunzi wanakuja na flashi zao, wanachapisha, wanaondoka, ikafika mahali kila flashi ikichomekwa mafolda yote yanageuka shotikati (vile vialama vya njia ya mkato), unabonyeza haifunguki. Antivairasi niliyokuwa nayo ikawa inaonyesha kuna faili limeambukizwa liko disk D, ndani ya folda linaitwa System Volume Information, nikibonyeza karantini (yaani ilitenge faili lisidhuru) inaniambia imeshindikana, nikibonyeza futa imeshindikana. Kila asubuhi nawasha mashine naona ujumbe mwekundu uleule. Wateja wanauona. Mteja mmoja akachomoa flashi yake akaniambia dada mi naenda kwa jirani. Mwenye biashara anajua hiyo inavyouma.

Mama mmoja tunasali pamoja, ana duka la vitenge, ndo akanielekeza kwa huyu jamaa. Akaniambia alimtengenezea mashine ya kaka yake vizuri tu. Nikaenda na mashine jumamosi. Na ofisi nimeikuta ofisi kweli, sio mtu wa barazani. Ina kiyoyozi, ina kaunta ya kioo, cheti cha TIN kimetundikwa ukutani, vijana wawili wanafungua mashine kwenye meza na miswaki yao na hewa ya kupulizia vumbi. Watu wamekaa wanasubiri zamu kama zahanati. Mimi sikuona sababu ya kumshuku mtu wa namna hiyo, na wewe usingeona.

Akaichukua mwenyewe, akaiweka mbele yangu, akaniambia "Karibu dada angu, kaa hapa uone kwa macho yako, mimi sifanyi kazi ya kujificha." Akaipeleka kwanza kwenye meza ya nyuma "kupuliza vumbi", dakika chache tu, akairudisha. Akaweka antivairasi yake, jina kubwa linalojulikana duniani, akaanza kuskani. Haikuchukua hata dakika, ikalia mlio, dirisha jekundu, tishio kali limepatikana. Akaniangalia akanyamaza. Halafu akabonyeza karantini. Ikazunguka, ikazunguka, ikaandika imeshindikana. Akabonyeza futa, imeshindikana. Akazima mashine, akawasha, akarudia, vilevile. Halafu akanisogezea mausi akasema "Bonyeza mwenyewe dada, usije kusema nakudanganya." Nikabonyeza kwa mkono wangu. Imeshindikana!

Hapo akaanza kunifundisha. Kwamba virusi vya kawaida vinakaa kwenye diski, hiki kimeshuka kimekaa kwenye BIOS, yaani kwenye chipu ya ubao mama, ndo maana antivairasi inakiona ila haiwezi kukishika. Nikamuuliza je tukifomati? Nilitegemea atafurahia kufomati maana ndo wanachokimbilia mafundi wengi. Yeye akasema "Tufomati ili uamini." Akahamisha baadhi ya mafaili yangu, akafomati, akaweka Windows upya, nimekaa palepale kwenye kiti, sijaenda hata kunywa maji. Akaweka tena antivairasi, akaskani. Mlio uleule, dirisha jekundu lilelile, jina lilelile la kirusi.

Sasa niambieni nani angebisha. Mashine imefutwa mbele ya macho yangu na kirusi kimerudi. Na la BIOS sio hadithi ya kutunga, virusi vya namna hiyo vipo kweli, ESET, kampuni ya antivairasi, walitangaza kimoja kinaitwa LoJax mwaka 2018 kinajificha kwenye hiyo chipu na kufomati hakikitoi. Sasa mwizi akikuchanganyia uongo na kitu cha kweli hivyo, unamkamatia wapi? LoJax ilitumiwa na majasusi kulenga taasisi za serikali huko Ulaya, haina shida na steshenari ya kuchapisha CV.

Akanitajia bei. Laki mbili na nusu, humo ndani kuna kusafisha BIOS na "leseni ya kampuni" ya antivairasi. Nikaomba apunguze akasema leseni inatoka nje, hana uwezo. Nikatuma hela kwa simu. Akaichukua mashine akarudi nayo meza ya nyuma, nusu saa, akaja nayo, akaskani mbele yangu, safi. Kijani. Nikamshukuru, Mungu anaona, nilimshukuru kwa moyo wote na nikampelekea na mashine ya pili kwa elfu themanini.

Nilipofika dukani ndo nikagundua folda la mitihani ya shule moja niliyokuwa nawachapia halipo. Madeni ya wateja niliyokuwa nimeandika kwenye Excel hayapo. Kazi ya dada mmoja wa shahada ya uzamili aliyoniachia nimpangie kurasa haipo, na yeye hakuwa na kopi nyingine. Nikampigia fundi, akasema "Dada hayo yalikuwa yameshaliwa na virusi, shukuru tumeokoa mashine." Yule dada wa uzamili amelia dukani kwangu mbele ya watu. Hilo siwezi kumsamehe huyu mtu.

Haijapita muda mrefu akapiga simu mwenyewe, kwamba ana huduma ya bure kwa wateja wake, anapita kukagua. Akaja, mpole, akapuliza vumbi, akaondoka. Wiki ileile dirisha jekundu likarudi. Nikampigia nimechanganyikiwa. Akasema kirusi kimejibadilisha, sasa inatakiwa leseni ya seva, laki nne, na nisipofanya haraka kitaingia kwenye simu na kwenye akaunti ya benki. Nilishaanza kutafuta hiyo hela jamani. Nilishaenda kwenye kikoba kuomba.

Mungu si Athumani, mtoto wa dada angu anasoma kompyuta Dodoma akawa amekuja likizo. Nikamwambia angalia hii balaa. Akaangalia dirisha jekundu, akasoma lile jina la kirusi ambalo mimi siku zote nililiona ni maandishi tu ya kitaalamu, akaniuliza "Mama mdogo, hii drive E ni ya nini?" Nikamwambia sijui, si ndo ilivyokuja. Akapapasa ubavuni mwa mashine, kwenye kile kitundu cha memori kadi ambacho mimi sijawahi kukitumia tangu nimeinunua, akabonyeza kwa kucha, ikaruka nje adapta ya memori kadi. Nyeusi, imezama kabisa ndani huwezi kuiona ukiwa umekaa mbele. Na kile kikufuli cha pembeni kimeshushwa, maana yake kadi inasomeka tu, haiandikiki wala haifutiki kitu.

Ndo siri yote hiyo, ile drive E ndo hii kadi, na lile faili la kirusi limo humo. Antivairasi inaliona faili, inataka kulitoa, kadi imefungwa, haiwezi. Unafomati diski C, kadi ipo palepale, kirusi "kinarudi". Anachomoa kadi huko meza ya nyuma, mashine "imepona". Anakuja kukagua bure, anaichomeka tena.

Kijana akaichukua kadi akaiweka kwenye laptopu yake yenye Ubuntu (mfumo mwingine, sio Windows), akafungua lile faili. Mstari mmoja, herufi 68. Ndani yake imeandikwa wazi kabisa EICAR-STANDARD-ANTIVIRUS-TEST-FILE. Hiyo sio virusi hata kidogo! Ni faili la majaribio, kampuni za antivairasi zilikubaliana kulitambua ili mtu apime kama programu yake inafanya kazi bila kuhatarisha mashine. Haliwezi kumdhuru hata mtoto. Jina la kirusi lilikuwa linaonekana pale siku zote, limeandikwa EICAR, na yeye fundi anajua kabisa, ndo maana alikuwa anaweka kidole kwenye neno "kali" sio kwenye jina. Kijana akapandisha kikufuli cha kadi, akairudisha kwenye mashine yangu, akabonyeza karantini. Sekunde tu. Imekamatwa. Nilikaa chini.

Na hajaishia hapo huyu mnyama. Ile "leseni ya kampuni" ni ya wizi, imeamshwa kwa programu ya kuvunja, na ili hiyo programu isikamatwe ameweka disk C yote kwenye orodha ya sehemu ambazo antivairasi inaziruka. Yaani inapiga kelele kwa faili la majaribio kwenye kadi, huku vile virusi vya kweli vya shotikati vimeshaingia tena kutoka kwenye flashi za wateja vinazurura C bila kuguswa. Na ameacha programu ya kuingia kwenye mashine yangu kutoka mbali, na neno la siri analo yeye. Mashine ambayo nafanyia malipo ya watu. Huyu anatakiwa kufungwa, na sio kufungwa tu, zile mashine zake zote zikaguliwe maana sijui ameshachungulia mambo ya watu wangapi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, watu wanakamatwa kwa kuandika maneno mtandaoni, huyu anayeingia kwenye kompyuta za watu na kula laki mbili mbili za akina mama kwa nini awe anapulizwa na kiyoyozi? Afilisiwe. Arudishe na kazi ya yule dada. Nasema kwa uchungu.

Na lile tatizo langu la mwanzo, la karantini kushindikana kabla sijaenda kwa fundi, lilikuwa dogo la kusikitisha. System Volume Information ni pale Windows inapotunza zile kumbukumbu za kurudisha mashine nyuma, na inalilinda lile folda, kwa hiyo antivairasi inaweza kuona faili ikashindwa kuligusa. Unazima System Protection (sehemu ya Windows inayotunza hizo kumbukumbu) ya hiyo disk, unafuta zile kumbukumbu, unawasha tena, basi. Faili likiwa ndani ya zip (furushi la mafaili yaliyobanwa pamoja) nalo husumbua hivyohivyo, ukishalijua unafuta zip nzima. Na kama kirusi kinafanya kazi muda huohuo ndo maana hakishikiki, Windows 10 na 11 zina Defender yake ya bure, kuna skani ya Offline, mashine inajizima na kujiwasha, inaskani kabla Windows haijaamka, kama robo saa hivi. Mafolda ya flashi yaliyogeuka shotikati hayajapotea, yamefichwa tu, kijana alifungua Command Prompt (lile dirisha jeusi la kuandika amri), akaandika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* (hapo F ni herufi ya flashi) yakatokea yote. Bila hata shilingi.

Dalili za huyu mtu, naandika haraka maana nina mteja. Mashine lazima iende meza ya nyuma kabla na baada. Risiti ni ya mkono, ya mashine ya EFD "imeharibika" kila siku. Anapiga simu mwenyewe kukagua bure. Anakwambia antivairasi yako izimwe kidogo. Na mkiona ujumbe wa karantini imeshindikana someni faili liko wapi, kama ni herufi ya drive msiyoijua papaseni matundu yote ya mashine, na jina la kirusi mliandike mlitafute.

Sasa kama umepita kwa huyu fundi, angalia kitundu cha kadi sasa hivi, usiichomoe, ipige picha kwanza ikiwa ndani. Halafu njoo inboksi na muamala uliomtumia na hiyo risiti yake ya mkono. Tumeshapatana watu kadhaa, mmoja ana zahanati na mwingine ni mwalimu, jumatatu asubuhi tunaenda kituoni pamoja.