Kutoka 3.31 Hadi 3.73: Krauni na Pinioni Mpya Kwenye Mustang GT, Inalipa?

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena gereji. Leo hatufungui boneti kabisa, shughuli yote iko huku nyuma. Gari ni Ford Mustang GT ya 2013, injini ile ya V8 lita 5.0 wanayoiita Coyote, farasi 420, gia boksi ya mkono yenye gia sita. Kiwandani lilitoka na difu, yaani lile boksi la gia kwenye ekseli ya nyuma, ya 3.31. Sasa hivi ndani kuna 3.73. Wengi mmeniuliza kama ni kweli gari linageuka kuwa jingine, basi tuongee.

Kwanza kwa wageni. 3.31 maana yake propela, ile shafti inayotoka gia boksi kwenda nyuma, inazunguka mara 3.31 ndipo tairi izunguke mara moja. Ukibadilisha difu iwe 3.73, injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule, na tairi linapata nguvu zaidi ya kusukuma. Ni hesabu ya meno tu: krauni, gia kubwa iliyo ndani ya difu, meno 41, pinioni, gia ndogo inayoizungusha, meno 11, gawanya. Mliokulia karibu na maduka ya spea za malori hili si jambo geni kwenu. Pale krauni na pinioni huuzwa kwa kutajiwa meno, na dereva wa lori anajua difu ipi ya mlima na ipi ya spidi. Kanuni ni ileile, ila sisi hapa hatujabeba saruji.

Sasa, 3.31 kwenda 3.73 ni ongezeko la asilimia 12.7 ya nguvu inayofika kwenye tairi, kwenye kila gia. Injini haijaongezewa farasi hata mmoja. Nasisitiza hapa kwa sababu sifa ya 3.73 ni ya zamani, na imebebwa na magari mengine. Mustang 5.0 za mwaka 1987 hadi 1993 zilitoka na difu ndefu sana, yaani yenye namba ndogo, nyingi zilikuwa 2.73. Mtu akiweka 3.73 kwenye gari kama lile anapata zaidi ya theluthi moja ya ziada, lazima apige kelele. Wewe ukitoka 3.31 unapata kama theluthi ya alichopata yule. Kwa hiyo ukisikia wazee wa Mustang wanasimulia, sikiliza, lakini punguza.

Haya, tuje kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo linaloamua kila kitu: gia ya pili inaishia wapi?

Chukua tairi za kiwandani za inchi 19, 255/40, na mizunguko 7,000 kwa dakika, ambapo injini hii inagota. Ukiwa na 3.31, gia ya pili inakufikisha kama kilomita 112 kwa saa. Ukiwa na 3.73, inaishia kilomita 100, karibu kabisa na mia kamili. Ukienda 4.10, inaishia 91. Umeona kitu hapo? Mwenye 4.10 akitaka kufika mia lazima aingize gia ya tatu, na kila unapokanyaga klachi kuna sehemu ya sekunde inaondoka. Yaani umeongeza nguvu, halafu muda ule ule unaurudisha kwa kubadili gia. 3.73 inakaa ukingoni: unafika mia ukiwa bado kwenye ya pili, ingawa injini iko kwenye pumzi ya mwisho. Ndiyo maana mtu akiniambia gari lake ni la barabarani na anataka 4.10, mimi namwambia hapana, bila kupepesa macho.

Na 3.55? Ni nzuri kama gari lilitoka nayo kiwandani. Kuifungua difu nzima kwa ajili ya asilimia saba, wakati fundi anakutoza pesa ileile, mimi sioni maana.

Barabarani ikoje? Gia ya kwanza imekuwa fupi, inaisha kwenye kilomita 66 kwa saa badala ya 75, na kwa tairi hizi za kawaida ukikanyaga kwa hasira zinazungukia palepale tu. Hapo hakuna faida, ni moshi na gharama. Utamu nimeukuta kwenye gia ya tatu na ya nne. Zamani ukitaka kulipita gari lililoko mbele ulikuwa unashuka gia, sasa unakanyaga tu na linakwenda. Mjini pia halisinzii kwenye mizunguko ya chini kama lilivyokuwa. Kwenye barabara kuu, kilomita 120 kwa saa ukiwa gia ya sita, mshale wa mizunguko ulikuwa kwenye 2,000, sasa uko 2,250 hivi. Gia ya sita ya gari hili ni 0.65, ndefu mno, ndiyo inayotuokoa. Mafuta yanaongezeka kidogo, sitawadanganya, lakini mwenye V8 ya lita tano tusianze kulia habari ya mafuta.

Ushahidi mwingine ni wa Ford wenyewe. Boss 302 ya 2012 na 2013, iliyotengenezwa kwa ajili ya kwenda kasi kwenye kona, waliipa 3.73. Lakini Shelby GT500 ya 2013, yenye supachaja, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, na farasi 662, waliipa 3.31, na nguvu tayari ilikuwa tele. Kwa hiyo wewe unayepanga kuweka supachaja mwakani, difu yako iache hivyo hivyo.

Sasa bei na kazi. Seti yenyewe ni dola mia kadhaa, na malipo ya fundi mara nyingi yanafika hapo au yanapita. Usibane pesa upande wa fundi, nawaomba. Hii ni difu ya inchi 8.8, ekseli ngumu, na kuiseti ni kazi ya vipimo vya unywele. Pinioni lazima ikae kwenye kina chake kwa kutumia shimu, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Mchezo kati ya meno ya krauni na pinioni unapimwa kwa geji ya mshale, na hapo tunazungumzia sehemu za milimita. Halafu meno yanapakwa rangi na kuzungushwa ili kuona yanagusana wapi: yanatakiwa yagusane katikati, si kwenye ncha wala kwenye shina. Kuna na kile kibomba cha chuma kinachobanwa na nati ya pinioni. Ukikaza ukapitiliza, hakuna kulegeza, unatoa na kuweka kipya. Fundi asiyekuonyesha alama ya rangi kabla hajafunga kifuniko, muulize kwa nini. Difu ikisetiwa vibaya inalia, na kulia kwenyewe huanza taratibu ukiwa kasi ya barabara kuu, tena mara nyingi unapoachia mafuta.

Weka beringi mpya na oili sili mpya wakati huohuo. Kurudisha beringi za zamani kwenye krauni mpya ni ubahili wa kijinga. Oili ni 75W-140, pamoja na ile dawa ya klachi za difu, maana hii ni difu ya LSD, inayozuia tairi moja kuzunguka bure peke yake, yenye klachi ndani. Ukisahau utaisikia inagugumia kwenye kona. Na kompyuta ya gari lazima iambiwe uwiano mpya, la sivyo spidomita itakudanganya.

Baada ya hapo, tulia. Endesha taratibu kama dakika ishirini, acha difu ipoe kabisa, rudia. Kilomita 800 za mwanzo usichomoke kwa fujo wala usivute trela, kisha mwaga oili, weka nyingine.

Uamuzi wangu: gari la gia za mkono, halina supachaja, na unalipenda kwa kuliendesha, weka 3.73. Kama kila siku uko barabara kuu tu, kaa na 3.31, hutajuta.

Na nyie wa otomatiki mliojaa kwenye maoni wiki iliyopita. Difu yenu ya 3.15 mnaiona legevu kwa namba tu. Gia yenu ya kwanza ni 4.17, zidisha na 3.15, inakuja 13.1. Ya mkono ni 3.66 mara 3.31, 12.1. Tayari mnatoka na nguvu kuliko sisi tulivyotoka kiwandani. Ukiona bado haitoshi, 3.55 inakumaliza kiu. Zaidi ya hapo nunua tairi za nyuma kwanza.