Biti za mkia mwembamba: chuma ni kizuri, duka ndilo sijui niliiteje

Nina hasira, kwa hiyo asiyependa maneno makali apite tu.

Karakana yangu ya kuchomelea iko Kibuye, hapa Kisumu. Nafanya mageti na madirisha, na miwa ikianza kuvunwa napokea matrela ya trakta kutoka pande za Muhoroni na Chemelil. Matrela ndiyo huniletea kazi ya matundu makubwa. Pale trela linapofungwa kwenye trakta huingia pini nene, na tundu lake mafundi wengi hulichoma tu kwa elektrodi. Likitoka limejaa meno, kingo zimeungua zikawa ngumu, pini inacheza, na trela likipigwa na barabara za mashambani muda kidogo, tundu limekuwa yai. Ya namna hiyo nimeziba mengi, tena si mimi niliyeyatoboa.

Mimi hutaka tundu la kutobolewa. Shida ni kwamba mdomo wa drili yangu ya mezani unaishia milimita 13. Hapo ndipo zinapoingia hizi biti: kichwa kinene, mkia umepunguzwa hadi nusu inchi ili uingie kwenye drili ya kawaida. Nikanunua seti katika duka moja la vifaa hapa mjini. Sitalitaja. Wenyeji watalijua kwa lile tangazo la kaunta, bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, limeandikwa kwa rangi nyekundu kubwa kuliko jina la duka.

Ukubwa na bei someni kwenye boksi. Nataka kuongea juu ya mkia.

Mkia wa biti kubwa unabeba mzigo ambao biti ya milimita 10 haijawahi kuuona. Kichwa cha inchi moja kikishika chuma, nguvu yote ya kukizungusha inapitia kwenye kimkia cha nusu inchi kilichobanwa na meno 3 ya mdomo wa drili. Kwa hiyo mtengenezaji anayejua kazi huchonga sehemu 3 bapa kwenye mkia, kila jino la drili likalie bapa lake. Zangu ni mviringo mtupu, laini, zinang'aa. Mkononi ni nzuri kweli.

Ya milimita 16 ilifanya kazi. Ya 20 ilifanya kazi vizuri hata nikaanza kumsifu muuzaji mbele ya kijana wangu wa kazi. Nyuzi za chuma zilitoka ndefu, zimejikunja, mbili mbili kwa mpigo, na hiyo ni dalili kwamba ncha zote mbili zinakata sawa. Halafu nikafunga ya inchi moja.

Nilifuta mafuta kwenye mkia kabla ya kuufunga. Nilikaza ufunguo kwenye matundu yote 3 ya mdomo wa drili, si lile moja la karibu kama wafanyavyo wenye haraka. Mkanda niliushusha kwenye puli ya mwendo wa chini kabisa, maana biti ya inchi moja kwenye chuma laini inataka mizunguko 300 hadi 400 hivi kwa dakika. Ukiiendesha kama biti ya mbao itabadilika rangi na makali yatakufa papo hapo. Bamba lilikuwa la milimita 12, limebanwa kwa boliti, na tundu la kuongoza la milimita 8 lilikuwa tayari. Sikupanda ngazi kupitia kila ukubwa, kwa sababu ukiiachia biti kubwa nyama kidogo tu pembeni, inajing'ata na kurukaruka. Oili ilikuwepo.

Ikaingia mpaka karibu nusu ya bamba. Kisha drili ikawa inazunguka na biti imesimama.

Kelele yake sitaki hata kuieleza. Mkia ulichimbwa mifereji, na meno ya drili yangu, drili ambayo nimeilipia kwa jasho, yakalika. Mwenye trela alikuwa amekaa pale pale kwenye tairi kuukuu, anatazama saa. Tundu la siku hiyo nililimalizia kwa tupa ya duara, na mabega yangu yanalikumbuka mpaka leo.

Haya, vifaa huharibika. Sikuwa hata na nia ya kudai pesa, nilitaka kubadilishiwa nipewe ya mkia wenye bapa. Nikaenda dukani na biti, boksi na risiti.

Kijana wa kaunta aliigeuza biti mara moja tu. "Mama, hii imeshatumika."

Nikamwambia ndiyo, biti hununuliwa itumike.

"Sasa mama, mwambie fundi wako aje mwenyewe nimweleze. Hizi vitu mkitumwa mnachanganya."

Nikamwambia fundi ni mimi.

Akacheka. Hakunicheka usoni, angalau hapo ningejua pa kuanzia. Alimgeukia mwenzake aliyekuwa anapima misumari, wakacheka wawili, kisha akaniambia kwa upole wa kumwambia mtoto kwamba lazima sikukaza. Nikamuuliza kwa nini mkia hauna bapa. Akaniuliza bapa ni nini. Huyo ndiye anayeuza biti! Akaongeza kwamba mkia ukiwa laini ndiyo dalili ya biti feki, ungekuwa mgumu kama kichwa. Si kweli. Mkia huachwa laini kuliko kichwa makusudi, usivunjike kwa mshtuko na meno ya drili yapate pa kushika. Kwa hiyo aliikosoa bidhaa yake mwenyewe kwa sababu isiyo sahihi, halafu bado akakataa kuibadilisha.

Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na wote walisikia neno "fundi wako". Mzee mmoja alisema, "Msikilizeni mama, anaongea kazi," na huyo mzee Mungu ambariki. Nilimtajia yule kijana Kifungu cha 46 cha Katiba, kwamba mnunuzi ana haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Akanionyesha kidole kwenye tangazo jekundu. Yaani Katiba ya 2010 imeshindwa na karatasi ya kaunta.

Kwa hiyo msinunue. Hilo ndilo nililokuwa nimepanga kuandika, niishie hapo.

Ila kijana wangu, bila kuniuliza, aliipeleka ile biti kwa fundi wa kukereza vyuma jirani, ikachongwa bapa 3 pale palipolika. Nilimfokea kwanza. Tukaifunga. Imeshika. Imetoboa bamba la milimita 12 kama hakuna kilichowahi kutokea, tundu safi, na pini imeingia kwa kusukumwa na kiganja. Makali bado yapo. Tupa ukiipitisha kichwani inateleza tu, haiumi. Ni chuma kizuri, na kusema hivyo kunaniudhi kuliko kusema ni kibovu, kwa sababu kilikosa kazi ya dakika chache kiwandani na muuzaji mmoja wa kujua anachouza.

Basi nunueni, lakini tazameni mkia kabla ya kulipa, na usio na bapa urudisheni rafuni hata mkipunguziwa bei. Anayetumia drili ya mkono asiguse ya inchi moja kabisa. Inapokaribia kutokeza upande wa pili huwa inanasa ghafla, na hapo kitakachozunguka ni kiwiko chako. Biti nawapa nyota 3. Labda 4 kwa ile ya 20.

Duka halipati nyota hata moja kwangu. Nilimwambia kijana wangu akanunue huko huko diski za grainda, bei zao ziko chini kweli, lakini asiseme ametumwa na nani. Alirudi akaniambia kule kaunta wamemwita fundi. Ana miaka 19, hata kuchomelea kona bado namfundisha. Diski sijazifungua, ziko juu ya meza pamoja na risiti yake, na kesho kama stima itakuwepo nitaamua kama nizitumie au nizirudishe mwenyewe.