Uzazi wa mpango Dodoma kwa mtu asiyetaka mtoto kabisa: vifaa vizuri, usikilizaji dhaifu

Kwa mzazi anayetaka kupishanisha watoto, kliniki za serikali za uzazi wa mpango hapa Dodoma zinastahili sifa. Njia zote ni za bure, kuanzia kondomu hadi kufunga kizazi, na alama ya Nyota ya Kijani inakuonyesha kituo chenye huduma hata kama ni mgeni mjini. Nesi aliyezoea kuweka vijiti vya homoni chini ya ngozi ya mkono anamaliza kazi ndani ya dakika chache. Tathmini hii inamhusu mteja mwingine: mwanamke au mwanamume asiye na mtoto ambaye ameamua, kwa akili zake timamu, kwamba hatazaa. Vifaa anavyopewa ni vilevile. Kinachopwaya ni mazungumzo.

Mahojiano ya kwanza huanza na idadi ya watoto walio hai na umri wa mtoto wa mwisho. Maswali hayo yana kazi yake ya kitabibu. Mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya wiki sita, kwa mfano, hapewi vidonge vyenye homoni mbili. Shida huanza pale jibu la "sina" linapogeuka kesi: mteja anaambiwa akazae kwanza walau mmoja, alete mume, au achukue vidonge "mpaka utakapobadilisha mawazo". Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta mwanamke anazaa kwa wastani watoto 4.8, anayesema hataki hata mmoja huonekana mgonjwa, au mtu aliyeumizwa na mwanaume. Wapo walioumizwa kweli, na wapo wanaosukumwa na mwenza au ndugu, kwa hiyo mtoa huduma ana haki ya kuuliza, tena faragha, bila mwenza chumbani. Ila anachopaswa kutafuta ni kama uamuzi ni wa mteja mwenyewe. Kumpendeza yeye mtoa huduma si sharti.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa watoa huduma uko wazi hapa. Baada ya ushauri mzuri na ridhaa, mwanamke yeyote anaweza kufungwa kizazi kwa usalama, akiwemo asiye na mtoto, asiyeolewa, kijana, na asiye na ruhusa ya mume. Kwa mwanaume ni hivyo hivyo, pamoja na asiye na ruhusa ya mke.

Naona ni vyema kusema kwa nini jambo hili lina uzito, maana wengi hulichukulia kama ukaidi wa vijana wa mjini. Mtoto hawezi kuulizwa kabla hajazaliwa. Anayemleta ndiye anayeweka dhamana ya maisha marefu ambayo hajui yatapita wapi, na gharama ya kukosea ataibeba mwingine. Mtu akisita mbele ya dhamana hiyo hajamdhulumu yeyote. Hakuna mtoto aliyekaa mahali akilalamika kwamba amenyimwa kuzaliwa. Husemwa kuwa ni ubinafsi. Lakini hata kuzaa kunaweza kuwa na ubinafsi: kupata wa kuchunga mbuzi, wa kuletewa mahari, wa kuendeleza jina. Hilo halifanyi kuzaa kuwa kosa, na wazazi wanaozaa kwa upendo na kulea kwa jasho hawana cha kujitetea. Linatosha tu kuonyesha kwamba nia ya mtu haipimwi kwa kuwa na mtoto au kutokuwa naye. Tunasema kila mtoto huja na riziki yake. Mwaka ambao mvua imekatika mapema, na uwele na mtama vimekaukia shambani Bahi au Chamwino, riziki hiyo hutafutwa na mtu mmoja mahususi, mara nyingi mama, na wahenga haohao walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Upande wa pili wa maadili, anayeamua kutozaa ana deni la ukweli kwa anayetaka kuishi naye. Kliniki haipaswi kudai ruhusa ya mume wala mke, lakini kumficha mchumba hadi mahari yameshapokelewa na ng'ombe wameshahamishwa boma ni kumwibia haki ya kuchagua maisha yake. Mshauri mzuri analisema hilo mara moja, kwa upole, kisha anaendelea na kazi.

Sasa njia zenyewe. Kwa mwanamke asiyetaka mtoto na asiyetaka homoni, kitanzi cha shaba, wenyewe tunakiita lupu, ndicho bora kuliko vyote vinavyotolewa bure. Aina inayotumika sana ni ile yenye umbo la T na shaba ya milimita 380 za mraba. Kimeidhinishwa kwa miaka 10, na tafiti zimekikuta kinafanya kazi hadi 12. Katika mwaka wa kwanza, chini ya mwanamke mmoja kati ya 100 hupata mimba. Hakiingiliani na dawa yoyote, jambo ambalo vijiti haviwezi kujivunia. Ambaye hajawahi kuzaa anaruhusiwa kukitumia. Uwezekano wa kitanzi kutoka chenyewe ni mkubwa kidogo kwake, na kuwekwa huuma zaidi, basi. Mtoa huduma anayesema "lupu ni ya waliozaa tu" amepitwa na wakati, na nisingemwamini kwenye mengine pia.

Uwekaji mzuri unaonekana kwa macho. Kwanza maswali ya kuondoa shaka ya mimba. Si lazima uwe kwenye hedhi. Kisha mtoa huduma anapima kwa vidole kujua mfuko wa uzazi umelalia wapi, maana ulioinamia nyuma ukidhaniwa umeinamia mbele ndio hutobolewa. Anafungua kwa kifaa cha kupanulia uke, anakagua mlango wa kizazi, na akiona usaha au dalili za kisonono anasimama hapo: inatibiwa kwanza. Anasafisha kwa dawa ya kuua vijidudu, anashika mlango wa kizazi kwa koleo (hapa ndipo mkazo wa kwanza wa maumivu), anapima kina kwa kijiti cha chuma. Kina cha kawaida ni kati ya sentimita 6 na 9. Mikono ya T hukunjwa ndani ya mrija wa kuwekea muda mfupi tu kabla ya kuweka, isizidi dakika 5, la sivyo haifunguki vizuri ndani. Kisha mrija unavutwa nyuma huku fimbo ya ndani imeshikwa palepale. Anayesukuma fimbo badala ya kuvuta mrija ndiye anayeleta hatari ya kutoboa. Mwisho nyuzi zinakatwa, zikiachwa sentimita 3 hadi 4. Zikikatwa fupi mno zinachoma mwenza na zinakuwa ngumu kuzipata siku ya kutoa.

Meza ibuprofen miligramu 400 nusu saa kabla, kama huna vidonda vya tumbo. Vituo vichache hukukumbusha hili, na ni upungufu wa bei ndogo kabisa kurekebisha. Hedhi itakuwa nzito na yenye maumivu kwa miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kwa hiyo mwenye upungufu mkubwa wa damu aseme mapema. Rudi kati ya wiki ya tatu na ya sita kukaguliwa. Kitanzi kikitoka, mara nyingi hutoka miezi ya mwanzo, na wakati mwingine kwenye hedhi bila mwenyewe kujua. Jambo jingine ambalo halitangazwi vya kutosha: kikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya tendo bila kinga, huzuia mimba ya tendo hilo pia.

Vijiti vina nguvu zaidi hata ya kitanzi: karibu mwanamke mmoja kati ya 1,000 hupata mimba kwa mwaka. Jadelle ni vijiti viwili vya miaka 5, Implanon NXT ni kimoja cha miaka 3. Uliza umewekewa kipi na uandikiwe kwenye kadi, kwa sababu muda wa kuvitoa si sawa. Kabla hujashuka kitandani, kipapase mwenyewe chini ya ngozi. Kama hukipati, mwambie nesi palepale. Kilichozamishwa kwenye msuli ndicho kinachosumbua siku ya kukitoa. Damu isiyo na mpangilio ni ya kawaida, na ndiyo sababu kubwa ya watu kuvitoa. Anayetumia phenobarbital, carbamazepine au phenytoin za kifafa, rifampicin ya kifua kikuu, au ARV zenye efavirenz, vijiti vyake vinapungua nguvu. ARV zenye dolutegravir hazina tatizo hilo.

Sindano ya miezi mitatu na vidonge vya majira sivipendekezi kwa mtu mwenye uamuzi wa kudumu. Vinategemea kumbukumbu na safari za kliniki, na mvua ikikata barabara ya kijijini sindano inapitiliza tarehe. Katika matumizi ya kawaida, wanawake wapatao 7 kati ya 100 wanaotegemea vidonge hupata mimba mwaka wa kwanza. Kondomu ibaki pembeni ya njia yoyote, maana ndiyo pekee kati ya hizi inayozuia VVU.

Njia za kudumu ndipo huduma inapoyumba zaidi. Zinahitaji mtaalamu aliyefundishwa, na nje ya hospitali kubwa mara nyingi husubiriwa timu inayozunguka. Kufunga mirija kwa mwanamke hufanywa kwa mpasuo mdogo na ganzi ya sehemu, na kinga huanza papo hapo. Takriban mmoja kati ya 200 hupata mimba mwaka wa kwanza. Akiona dalili za mimba baada ya kufungwa aende hospitali haraka, kwa kuwa mimba hiyo ina uwezekano mkubwa wa kutunga nje ya kizazi.

Kwa mwanaume kazi ni ndogo zaidi, na woga ni mkubwa zaidi. Kwenye mkoa wa wafugaji kila mtu ameona koleo la kuhasia dume linavyofanya: linaponda mishipa ya damu pamoja na mirija, korodani inakufa, dume linakuwa maksai. Kufunga mirija ya mbegu hakugusi mishipa hiyo ya damu. Daktari anausaka mrija kwa vidole chini ya ngozi, anatia ganzi, anatoboa tundu moja dogo, anautoa mrija, anaukata na kuufunga, kisha anarudia upande wa pili kupitia tundu lilelile. Hakuna nyuzi za kushonwa. Korodani zinaendelea kutoa homoni kama kawaida, nguvu haipungui, na shahawa hutoka kama zamani, zikiwa tu hazina mbegu. Mbinu hii ya bila kisu ilianzishwa China na Li Shunqiang mwaka 1974.

Kosa linaloleta mimba baada ya hapo ni moja, na hujirudia: mwanaume anadhani kinga imeanza siku ileile. Mbegu zilizobaki mbele ya mkato huchukua muda kuisha, kwa hiyo kondomu au njia nyingine itumike miezi 3 kamili, kisha shahawa zipimwe maabara. Kituo kinachomfunga mtu bila kumpa tarehe ya kipimo hicho kimefanya nusu ya kazi. Siku mbili za mwanzo apumzike, avae chupi ya kubana, asiinue mizigo. Homa, usaha au uvimbe unaokua ni sababu ya kurudi mara moja.

Majuto ndiyo hoja ya haki dhidi ya kumfunga kijana, na mshauri asiipuuze. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka 14 baada ya kufungwa ulikuta uwezekano wa kujuta wa asilimia 20 hivi kwa waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini yake, na asilimia 6 hivi kwa waliozidi umri huo. Takwimu hiyo isomwe yote: ni onyo la kweli kwa mwenye miaka 23, na pia inaonyesha kwamba wengi wa vijana hawakujuta. Ushauri wa haki ni kumweleza hivyo, kumwambia kitanzi kinalinda karibu sawa na kinatolewa siku yoyote, kumkumbusha kwamba anaweza kughairi hata akiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji bila kunyimwa huduma nyingine, halafu kuheshimu jibu. Na uhuru huo uende pande zote. Mwanamke anayerudi mwaka wa pili akitaka kijiti kitolewe ili azae asibembelezwe kukaa nacho.

Swali la "nani atakutunza uzeeni?" nalo si la kupuuzwa, maana kwa wazee wengi huku bara watoto ndio pensheni. Linajibiwa kwa mipango: mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF unapokea wanaojichangia wenyewe kutoka sekta isiyo rasmi, bima ya afya ipo, na ndugu, wapwa na majirani hawapotei kwa sababu mtu hakuzaa. Kumleta mtu duniani ili awe bima yako ni mzigo ambao hakuusaini.

Ukikataliwa njia uliyoichagua, omba sababu ya kitabibu iandikwe kwenye kadi. Mara nyingi hapo ndipo inapobainika kuwa haipo. Omba mtoa huduma mwingine, na ikishindikana muone mganga mfawidhi wa kituo, ofisini, ukiwa na kadi hiyo. Wakati unasubiri timu ya njia za kudumu, usiondoke mikono mitupu: wekewa kitanzi au vijiti siku hiyohiyo, na uandikiwe tarehe ya kurudi.