Kamusi ya Oxford ya Wanafunzi na Kivumishi "Correct"

Kamusi ya wanafunzi hupimika vizuri kwa neno ambalo kila mtu hudhani analijua. Oxford Advanced Learner's Dictionary, iliyotokana na kazi ya A. S. Hornby na wenzake nchini Japani na kuchapishwa na Oxford mwaka 1948, inafaulu kipimo hicho katika kivumishi "correct". Inatenganisha maana tatu: jibu lisilo na kosa, njia ifaayo kwa kazi fulani, na mwenendo wa mtu anayezingatia taratibu zinazokubalika, maana ambayo wanafunzi wengi humaliza sekondari bila kuisikia.

Kinachonipendeza zaidi ni ulinganisho wake na "right". Kamusi inaeleza kwamba "correct" ni rasmi zaidi, na ndiyo sababu tunaikuta katika maagizo ya mitihani na nyaraka za ofisi, ilhali "right" hutawala mazungumzo na, jambo lililo muhimu sana kwa mwandishi wa insha, hubeba pia uzito wa maadili, kwa kuwa kutenda lililo haki si sawa na kujibu swali la hesabu. Toleo la intaneti ni la bure na lina matamshi ya Uingereza na ya Marekani.

Ningependa tofauti yake na "accurate" ikaziwe zaidi. Kipimo kinaweza kuwa "accurate" kwa kiwango fulani, lakini jibu la kujumlisha ama ni "correct" au si "correct". Hata hivyo, ninaipendekeza kwa walimu bila kusita.