Waliandika 50, wakafunga inchi 2: uzoefu wangu na gereji iliyotufungia kiungo cha tela

Niseme mazuri kwanza, maana yapo. Kijana anayechomelea pale ana mkono. Bapa la chuma alilotufungia nyuma ya Land Cruiser limeshikwa na bolti kwenye chasisi pande zote mbili, si kwenye bampa kama gereji nyingi za Arusha zinavyofanya, na mshono wake umejaa sawasawa bila vishimo. Bolti zina chapa ya 10.9 kichwani. Bei haikuwa mbaya, na gari lilikuwa tayari siku waliyoahidi. Kwa kazi ya kijana yule peke yake ningetoa nyota nne.

Tatizo ni kitu kinachoenea kwenye kiganja: gololi ya chuma ambayo kikombe cha tela hukaa juu yake.

Tela yetu ya kambi ilitengenezwa Afrika Kusini. Kikombe chake kimepigwa chapa ya 50, maana yake milimita 50, kipimo kinachotumika huko, Ulaya na Australia. Oda niliandika mwenyewe: gololi ya milimita 50. Stakabadhi yao nayo imeandikwa hivyo hivyo. Walichofunga ni gololi ya Kimarekani ya inchi 2, yaani milimita 50.8, halafu wakaipaka rangi nyeusi nzito mpaka chapa ya juu ikafunikwa. Sisemi walikusudia kuificha. Huenda walipulizia rangi kiungo chote kwa mpigo mmoja. Lakini fundi wa viungo anajua kwamba gololi haipakwi rangi. Inapakwa grisi, au inaachwa kavu kabisa kama kikombe kina pedi za kuzuia tela isiyumbe.

Dereva wetu aliyekwenda kuchukua gari aliona mkono wa kufungia kikombe haushuki mpaka chini. Akauliza, kwa adabu, kama kipimo ni chenyewe. Mtu wa kaunta hakusogea hata kuangalia. Akamjibu, "Mwambie mama gololi ni gololi. Milimita moja haiui mtu." Kisha akaagiza mkono ugongwe nyundo, ukagongwa, ukashuka. Dereva akaondoka moja kwa moja kuelekea Natron na mizigo ya kambi.

Hiyo sentensi bado inanichoma, kwa sababu mtu anayeuza gololi anapaswa kuwa wa mwisho duniani kuitamka.

Nieleze 0.8 inafanya nini. Ndani ya kikombe kuna kabari ndogo inayopanda na kushika chini ya tumbo la gololi, pale inapoanza kupungua. Gololi ikiwa nene kuliko kikombe, kikombe hakizami mpaka mwisho, na kabari inakutana na tumbo lenyewe badala ya kupita chini yake. Ukipiga nyundo, mkono unashuka na kwa macho kila kitu kimefungwa. Kwa kweli kinachoishikilia tela hapo ni uzito wa pua yake tu, yaani ncha yake ya mbele inayokaa kwenye gololi. Kwenye lami uzito huo unatosha, ndiyo maana kosa hili linaweza kukaa muda mrefu bila kuonekana. Kwenye changarawe yenye mawimbi kama bati, pua inarushwa juu na kushuka bila kupumzika, na kila ikipanda inaivuta kabari kutoka mahali ambapo haijakaa vizuri. Baada ya Engaruka gari likapanda ukingo wa korongo, mkia ukashuka, pua ikarukia juu, kikombe kikatoka.

Minyororo ilishika, na hapo tena ni yule kijana. Alichomelea pete za minyororo kwenye bapa lenyewe, mbali na gololi, akaacha nafasi ya kuivusha kimsalaba. Minyororo ikivushwa msalaba chini ya pua, pua inaangukia juu yake badala ya kuchimba ardhi. Tulipoteza gurudumu la pua, likapinda, na waya wa taa ukakatika kwenye plagi ya pini 7. Hakuna aliyeumia. Rangi ilichubuka upande mmoja wa gololi, na pale juu, chini ya mchubuko, namba 2 na alama ya inchi zikaonekana wazi.

Kulikuwa na kipimo cha dakika moja kingelikamata kosa hili palepale uani. Funga kikombe, kisha zungusha jeki ya gurudumu la pua mpaka nyuma ya gari ianze kunyanyuka pamoja na tela, springi zikitanuka. Kikombe kikitoka, hakikufunga. Kikinyanyua gari, kimefunga. Dereva aliomba wafanye hivyo akaambiwa foleni ni ndefu. Kikombe chenye alama ya kijani ya kuonyesha kimefunga ni kizuri, lakini alama hiyo ni ya kikombe kizima kilicho juu ya gololi sahihi, si kilicholazimishwa kwa nyundo.

Na kinyume chake pia kipo, nakitaja kwa sababu magari yenye viungo vya Kimarekani na vya Kiulaya yanachanganyika sana hapa kwetu. Kikombe cha inchi 2 kwenye gololi ya milimita 50 kitafunga vizuri kabisa, halafu kitagonga. Kila ukishika breki unasikia kishindo mgongoni. Vikombe vingi vya Kimarekani vina nati ya kurekebisha chini, unaweza kukaza uchezaji ukapungua, ila usiite hilo suluhisho. Badilisha gololi. Vipimo vingine utakavyokutana navyo ni inchi 1 na 7/8, karibu milimita 47.6, ambayo ni ya tela nyepesi, na inchi 2 na 5/16, karibu milimita 58.7, ya mizigo mizito. Hizo mbili macho yanazitambua. Kati ya 50 na 50.8 macho hayafai kitu, unahitaji kalipa, kile chombo cha taya mbili cha kupimia unene, na kalipa ya kawaida ni bei ya chakula cha mchana. Gereji inayofunga viungo na haina kalipa mezani, jiulize inapima kwa kutumia kitu gani. Kalipa hiyohiyo itakuonyesha gololi iliyochakaa: ya milimita 50 ikifika 49, imekwisha, itupe.

Tulipoifungua gololi ile tukakuta na jingine. Shina lake ni la inchi 1, na nati ilizunguka kwa spana ya kawaida bila kutoa jasho. Shina la ukubwa huo linatakiwa kukazwa karibu niutonimita 340. Hiyo ni sawa na mtu wa kilo 50 kuning'inia kwenye mpini wa sentimita 70. Kwa spana fupi ya gereji hufiki hata ukisukuma kwa mguu, lazima spana ya torki au bomba refu na mtu anayejua anachofanya. Tundu la bapa nalo lisizidi shina kwa zaidi ya milimita 1.6, la sivyo gololi inacheza, nati inalegea, na washa inaanza kula chuma. Tundu letu lilikuwa sawa. Kijana tena. Baada ya kilomita 50 hadi 100 za kwanza, kaza upya kila bolti ya kiungo kizima.

Kaunta ile ile iliwahi kunishawishi ninunue kiungo chenye fito za springi, zile fito mbili zinazobana kutoka kwenye kiungo hadi kwenye mikono ya tela ili kurudisha uzito kwenye magurudumu ya mbele ya gari. Sikununua, na nieleze kwa nini, kwa sababu naona watu wanauziwa. Kile ni kifaa kizuri mahali pake. Misafara ya Marekani inavuta nyumba za magurudumu, ndefu na nzito, kwenye barabara kuu tambarare, pua inakandamiza mkia wa gari, mbele inapanda, usukani unakuwa mwepesi na taa zinaangalia mbinguni. Fito zinarudisha mbele chini. Unapima kimo cha tao la tairi la mbele kabla ya kufunga tela, unapima tena ukishafunga, kisha unakaza fito mpaka angalau nusu ya kilichopanda kimerudi. Ukivuta nyumba ya magurudumu kwenye lami ya Arusha hadi Dodoma, zitakusaidia. Ukiingia korongoni nazo, gari linapinda huku na tela kule, fito hazina pa kwenda, zinapinda zenyewe au zinapindisha mikono ya tela. Tena zinapunguza uzito kwenye magurudumu ya nyuma ya gari, pale pale unapohitaji mshiko kwenye mchanga. Watengenezaji wenyewe husema zifunguliwe kabla ya ardhi mbovu. Mtu anayejua tunakwenda Natron na bado anataka kuniuzia fito, hanisikilizi.

Kama hela ipo, kwa njia zetu mimi ningeachana na gololi kabisa. Gololi na kikombe zinaruhusu tela kulala ubavuni nyuzi chache tu kabla ya chuma kubana chuma, na kwenye korongo lililokaa mshazari unafika hapo haraka. Kiungo cha taya na pete, kile cha malori ya jeshi, kinapinda sana na hakiogopi vumbi, lakini kinagonga mfululizo na kuchosha abiria. Vya Australia, kama DO35 au McHitch, vinazunguka nyuzi 360 na havina uchezaji wa kugonga. Shida yake ni kwamba nusu moja inakaa kwenye gari na nusu kwenye tela, kwa hiyo gari la kuazima haliwezi kuvuta tela yako, na ukipoteza pini porini hutaipata duka la Mto wa Mbu. Kwa kampuni yenye magari mchanganyiko kama yetu, gololi ya 50 bado ina maana. Iwe 50 kweli.

Uzito wa pua nao gereji hii haikuuliza hata neno moja, wakati hicho ndicho kinachoamua bapa liwe nene kiasi gani. Chukua asilimia 10 hadi 15 ya tela ikiwa imepakiwa. Tela ya kilo 1,300 pua yake iwe kati ya kilo 130 na 195. Ikipungua, tela inapiga mkia. Ikizidi, unaumiza chasisi nyuma ya ekseli, na pikapu za milango minne zenye mkia mrefu hupinda hapo. Kupima huhitaji mashine. Weka mzani wa bafuni na tofali, laza ubao kutoka mzani hadi tofali, ufanye mzani usome sifuri ubao ukiwa juu, kisha shusha pua kwenye ubao mahali palipo theluthi moja ya umbali kutoka kwenye tofali. Zidisha namba ya mzani kwa 3. Pima maji yakiwa tanki zima na pia yakiwa yameisha, kwa sababu lita 80 za maji ni kilo 80, na tanki likiwa mbele ya ekseli pua itakuwa nyepesi njiani kurudi kuliko kwenda. Tela ikae mlalo ikiwa imefungwa, gari likiwa na mizigo yake yote. Pua ikiangalia juu, uzito unakimbilia nyuma.

Nilipiga simu pale. Nilitegemea pole, au angalau kimya. Yule yule akaniambia, "Mama, barabara ile mbaya, kila mtu anajua." Barabara mbaya ndiyo sababu nimefunga kiungo! Ingekuwa lami tupu ningefunga chochote. Nikamsomea stakabadhi, akasema 50 na 2 ni kitu kimoja, ni lugha tu. Nikamwomba basi anirudishie hela ya gololi na gharama ya gurudumu la pua. Akasema gololi ikishatumika hairudishwi.

Nilitaka kuwapa nyota tatu: nne za kijana, moja nimkate mtu wa kaunta. Nikiandika haya nimeshuka hadi mbili, na sasa naona mbili ni nyingi, kwa sababu mteja anayefuata hatajua minyororo yake imefungwa na nani siku hiyo. Nyota moja. Bapa lao bado liko chini ya gari na sitalitoa, halina kosa. Ukilazimika kwenda pale, omba kazi yako aifanye kijana wa kuchomelea, lipia bapa, bolti na pete za minyororo tu. Gololi nunua kwingine, ipime mbele ya muuzaji, na usikubali mtu aipake rangi.